Pointi za mezani, kutoka Kariakoo hadi Columbus

Mwaka 2009 niliingia Columbus, Ohio, Jumamosi moja ya mwezi wa tisa, na mji mzima ulikuwa umevaa nyekundu. Nikamuuliza jamaa aliyenipokea: kuna mkutano wa chama gani? Akacheka. Leo Ohio State wanacheza, akasema. Na watani wao wa jadi, Michigan, wanavaa nini? Njano, na buluu kidogo. Mimi ni Simba, mtu wa Msimbazi tangu utoto, nyekundu yetu dhidi ya njano ya Yanga, sikuhitaji kuelezwa zaidi ya hapo.

Mchezo wenyewe ulinichukua miaka miwili kuuelewa. Ni ule mpira wa Kimarekani wa kubeba mikononi, helmeti kichwani, watu wanagongana kama daladala zinazogombea abiria. Kilichonishangaza zaidi ni kwamba wanaocheza ni wanafunzi. Uwanja wao unachukua watu zaidi ya 102,000, yaani viwanja vya Mkapa na Uhuru vya Dar ukiviunganisha bado havifiki, na umati wote huo unakuja kuwatazama vijana wa miaka kumi na tisa, ishirini, ambao Jumatatu wanatakiwa wawe darasani. Kocha analipwa mamilioni ya dola. Mchezaji, enzi hizo, alipata ada, chakula na kitanda, basi. Akipokea zawadi ya shabiki kwa sababu ya mpira wake, amevunja sheria za NCAA, chama kinachosimamia michezo ya vyuo.

Wanafunzi! Hapo nikamkumbuka mamluki wetu.

Shule niliyosoma siitaji, maana walimu wengine bado wako hai na tuna urafiki Facebook. Ilikuwa UMISSETA, michezo ya shule za sekondari, ngazi ya wilaya, na timu yetu ilikuwa mbovu. Mwalimu wa michezo akaleta fundi gereji wa mjini, mguu wa kushoto kama nyundo. Akapewa jina la mwanafunzi halisi wa Form Two, na mwanafunzi mwenyewe akaambiwa siku hiyo asionekane kabisa uwanjani. Fundi alinyolewa ndevu asubuhi ile, lakini mikono ya gereji haifichiki, oili nyeusi ilikuwa imejaa kwenye kucha zote kumi. Dakika ya sitini hivi akamkata mtu. Refa akachomoa kadi ya njano, akatoa kalamu, akamuuliza jina. Akataja lake.

Uwanja ulivunjika mbavu. Msimamizi wa mashindano alikuwa na meza yake chini ya mwembe, na mechi ilipoisha tu hukumu ikatoka: tumeondolewa. Haikufika nusu saa. Tukapanda lori kurudi shuleni, kimya. Jioni mkuu wa shule akaenda mjini "kuongea na watu", na asubuhi yake tukaambiwa tufue bukta, tunacheza nusu fainali. Fundi hakurudi, ila sisi tulirudi.

Nimeishi huku zaidi ya miaka kumi na tano na ninachokiona ni hiki: kwetu hukumu inakuja haraka lakini haikai. Huku ikishatoka imetoka, lakini inachelewa mpaka waliokosa wameshahama mji, na anayekutwa nyumbani ndiye anayechapwa.

Chukua Aprili 2017. Simba tulifungwa na Kagera Sugar, tukalalamika kwamba beki wao mmoja alicheza akiwa na kadi tatu za njano, wakati alitakiwa kukaa nje. Kamati ya Saa 72, jina lenyewe linakuambia mwendo wake, ikakaa, ikatupa pointi tatu. Nilishangilia kama tumefunga bao. Shemeji yangu aliyeko Dar, Yanga wa kulia machozi, akaniandikia WhatsApp neno moja tu: "Mezani." Yaani pointi za kamati, si za uwanjani. Siku chache baadaye kamati nyingine ya TFF, shirikisho la soka la Tanzania, ikazichukua pointi zilezile ikawarudishia Kagera. Viongozi wetu wakasema wanakwenda FIFA. Msimu ukaisha Simba na Yanga tuna pointi sawa, Yanga wakabeba kombe kwa tofauti ya mabao, na sisi tulikuwa hatujaonja ubingwa tangu 2012. Zile tatu zingefanya nini, piga hesabu mwenyewe. Mimi nimeshaipiga mara nyingi, hasa usiku. Kama kadi za yule beki zilikuwa tatu au mbili, nakiri sijawahi kujishughulisha kujua.

Sasa hukumu ya huku. Mwishoni mwa 2010 ikajulikana kwamba wachezaji watano wa Ohio State wameuza vitu vyao wenyewe: pete za ubingwa, jezi, na suruali za dhahabu. Suruali ya dhahabu ni kidani kidogo chenye umbo la suruali ya mchezaji, na tangu miaka ya 1930 kila mchezaji hupewa kimoja timu ikiifunga Michigan. Vijana walivipeleka kwa jamaa mwenye kibanda cha kuchora tatuu. Wengine wakapewa pesa, wengine wakachorwa kwa bei ya kutupa. Terrelle Pryor, kotabeki, yaani ndiye anayeendesha timu nzima, aliuza pete, tuzo moja na suruali yake, jumla dola 2,500. Wakati huohuo jezi yenye namba yake ilikuwa inauzwa madukani pale mjini na yeye haambulii hata senti. Unaweza kuniita shabiki niliyepofuka, lakini mpaka leo sijaona dhambi ya mtu kuuza pete yake.

NCAA ikasema wafungiwe mechi tano. Kuanzia lini? Msimu ujao! Ile mechi kubwa ya kufunga msimu, Sugar Bowl ya Januari 2011, wacheze tu. Wakacheza. Arkansas wakiwa wanatunyemelea dakika ya mwisho kabisa, mmoja wa walewale watano, Solomon Thomas, akaunyaka mpira wao hewani, tukashinda 31 kwa 26. Niliruka mpaka jirani wa chini akagonga dari kwa fagio.

Kumbe kocha Jim Tressel alikuwa ameandikiwa baruapepe kuhusu habari hizo tangu Aprili 2010, akanyamaza, kisha akasaini fomu kwamba hajui lolote. Mei 2011 akajiuzulu. Ushindi wa msimu mzima wa 2010 ukafutwa. Desemba 2011 NCAA ikaongeza bakora ya mwisho: msimu wa 2012 hakuna kucheza mechi za baada ya ligi, hata mkishinda vipi.

Na 2012, chini ya kocha mpya, wakashinda zote. Mechi 12, ushindi 12. Novemba wakavua jezi wakaenda kukaa sebuleni kama mimi, kutazama wengine wakigombea ubingwa wa taifa. Baadhi ya wale vijana, wakati pete zinauzwa, walikuwa sekondari. Na Tressel? Siku tunaifunga Michigan Novemba ile, wachezaji wake wa zamani walimbeba mabegani katikati ya uwanja, watu zaidi ya 100,000 wanapiga kelele, na mimi mbele ya runinga nikipiga zangu. Februari 2025 ameapishwa kuwa Naibu Gavana wa Ohio. Nampenda mzee yule, na hilo ndilo linalonitatiza.

Halafu ikaja zamu ya watani. Msimu wa 2023 iligundulika kwamba mfanyakazi mmoja wa Michigan, Connor Stalions, alikuwa akinunua tiketi za mechi za wapinzani na kupeleka watu wakarekodi kwa simu ishara ambazo makocha huwapa wachezaji kutoka pembeni ya uwanja. Kuisoma ishara ya mpinzani siku mnacheza naye ni ruksa. Kwenda kumpeleleza kwenye mechi zake kabla, sheria inakataza tangu 1994. Sisi hili tunalijua sana: kwa nini timu zetu zilikuwa zikijificha Pemba kabla ya mechi ya watani? Kwa sababu hiyo. (Na nyingine za usiku, tuziache.)

Ligi yao, Big Ten, ikamfungia kocha Jim Harbaugh mechi tatu. Sikiliza adhabu yenyewe: Jumapili hadi Ijumaa anafundisha kama kawaida, Jumamosi tu ndiyo haruhusiwi kuja uwanjani. Wakatufunga 30 kwa 24 bila yeye. Januari 2024 wakawa mabingwa wa taifa, na mwezi huohuo akasaini Los Angeles Chargers, ligi ya kulipwa, ambako mkono wa NCAA haufiki.

Hukumu kamili ya NCAA ilitoka Agosti 2025. Faini zinazokadiriwa kuzidi dola milioni 20. Harbaugh, ambaye alishawekewa kizuizi cha miaka minne kwa kosa jingine, akaongezewa miaka kumi inayoanza 2028 na kuishia 2038, kwamba chuo kitakachomtaka kijieleze kwanza. Ni kama kumpiga marufuku samaki asipande mnazi. Ubingwa haukuguswa. Na kufungiwa mechi za mwisho wa msimu? Hapa nilisimama kabisa kusoma. Jopo lilisema adhabu hiyo ingestahili, lakini ingewaumiza bila haki vijana wa sasa kwa makosa ya watu ambao wameshaondoka.

Hoja nzuri sana. Naikubali neno kwa neno. Nilitaka tu kujua ilikuwa imelala wapi mwaka 2012.

Faini basi, tuizungumze. Kwetu Simba na Yanga zimepigwa faini mara ngapi kwa kuingia uwanjani kupitia mlango usio rasmi? Zinalipa, na mechi nyingine zinatafuta mlango mwingine, kwa sababu mganga hakutoa risiti lakini kombe linaonekana. Michigan nao wamelipa, na bango la ubingwa linapepea. Novemba 2024 walipotufunga tena kwetu, mchezaji wao akataka kusimika bendera yao katikati ya uwanja wetu, ngumi zikatembea mpaka polisi wakapuliza pilipili. Big Ten ikazitoza timu zote mbili dola 100,000 kila moja. Kwa vyuo hivi hiyo ni hela ya kununua vocha.

Msidhani naisifia Kariakoo, mtaa wa Simba na Yanga. Machi 8, 2025 niliamka alfajiri kuloweka mchele. Derby ilikuwa usiku wa Dar, saa tano asubuhi ya huku, na sebuleni kwangu walikuja Wanayanga wanne na wana Simba watatu, kila kundi na kochi lake. Jioni ya kuamkia siku hiyo Simba walikuwa wamekwenda Mkapa kufanya mazoezi, wakasema wamezuiwa mlangoni, wakatangaza hawachezi na kanuni inawalinda. Bodi ya Ligi ikaahirisha mechi siku ileile. Wanayanga sebuleni wakadai pointi tatu. Mimi nikatetea kanuni kwa nguvu zote, kanuni ambayo mpaka wiki ile sikujua kama ipo. Pilau tuliila huku tunatazama wachambuzi wakigombana. Mechi ikapigwa Juni 25, tukafungwa 2 kwa 0. Hata miaka minne kabla, Mei 2021, ilikuwa hivyohivyo, ila wagomaji walikuwa Yanga: muda ulisogezwa kutoka saa kumi na moja jioni hadi saa moja usiku, wao wakaja kwa saa ya zamani, wakaondoka zao. Siku hiyo mimi ndiye niliyekuwa nadai pointi.

Kinachonikera sasa ni kwamba kosa la Pryor limekuwa kazi halali. Tangu Julai 2021 mchezaji wa chuo anaruhusiwa kuuza jina na sura yake. Tangu Julai 2025 vyuo vyenyewe vinaruhusiwa kuwalipa wachezaji moja kwa moja, kila chuo hadi dola milioni 20.5 kwa mwaka ule wa kwanza kwa michezo yake yote. Mamluki amepewa mkataba na akaunti ya benki, na fundi gereji wetu alizaliwa mapema mno. Reggie Bush wa chuo cha USC, aliyeachia tuzo yake ya Heisman, ile ya mchezaji bora wa vyuo, mwaka 2010 kwa sababu ya pesa na zawadi alizopokea yeye na familia yake, alirudishiwa Aprili 2024. Wale watano wetu waliomba msimu wa 2010 urudishwe kwenye vitabu. Haujarudi.

Shemeji alikuja kututembelea kiangazi kimoja, nikampeleka kuuona uwanja. Hakuna mechi, jua kali, tumekaa ukingoni mwa mto Olentangy tunakula mahindi ya kuchemsha. Nikamsimulia yote haya, na mwisho nikamwambia namna kumbukumbu rasmi zinavyosomeka: mwaka ule tulishinda mechi 12, zimefutwa zote pamoja na ile ya kuifunga Michigan 37 kwa 7, lakini mechi moja tuliyopoteza, ya Wisconsin, imebaki. Kwa hiyo rasmi Ohio State ya 2010 imeshinda sifuri, imefungwa moja.

Akaacha kutafuna. "Yaani wamewafutia ushindi, wakawaachia kipigo?"

"Ndiyo."

Akafuta mikono kwa jani la hindi, akatoa simu, akashika kitufe cha kurekodi kwenye grupu lao la Yanga. "Wananchi," akasema, "nipo Marekani hapa, nimepata hoja ya kupeleka TFF."