Swichi ya kijiti na mfupa wa paji la uso

Kwa watu wanaojiundia magari huko Uingereza, kuna kifaa kimoja kidogo kinachowakera kuliko hata injini: swichi ya kijiti, ile ya chuma unayoipandisha na kuishusha kwa kidole. Mtu amenunua fremu na vipuri vya gari la mtindo wa Lotus Seven ya mwaka 1957, gari dogo la wazi la viti viwili, ameshinda karakanani wikiendi baada ya wikiendi, na ndoto yake ni dashibodi ya alumini yenye vijiti sita vilivyopangwa mstari mmoja kama kwenye ndege za zamani. Anafika kwenye IVA, ukaguzi wa gari moja moja ulioanza mwaka 2009, na mkaguzi anatoa tufe lenye kipenyo cha milimita 165. Tufe hilo ndilo kichwa cha mtu. Kila linachokigusa hupimwa.

Hapo ndipo lawama zinapoanza: urasimu, watu wa ofisini wasiojua kushika spana. Hoja za wajenzi hawa si za kupuuzwa. Gari la zamani lenye vijiti vilevile linapita barabarani kihalali. Ukaguzi wa kila mwaka haupimi urefu wa swichi. Na kijiti kina sifa ambayo viwanda vikubwa vimeisahau kwa kukimbilia skrini: unakipata kwa kupapasa, macho yakiwa barabarani. Euro NCAP wenyewe, shirika linalopima usalama wa magari mapya Ulaya, kuanzia 2026, wanataka vitu kama honi, indiketa na waipa viwe na kitufe au mkono wa kushika ndipo gari lipate alama za juu. Katika hilo wajenzi wako sahihi kabisa.

Lakini kanuni yenyewe imesomwa vibaya. Haikatazi kijiti. Inasema hivi: swichi ikitokeza chini ya milimita 3.2, inatosha kingo zake ziwe butu. Ikitokeza kati ya milimita 3.2 na 9.5, iwe na kingo zilizoviringwa na eneo la mkato lisilopungua sentimita mbili za mraba, ukipima milimita 2.5 kutoka nchani. Ikizidi 9.5, lazima izame au ing'oke ikisukumwa kwa nguvu ya dekanewtoni (daN) 37.8, ambayo ni kama robo tatu ya uzito wa mfuko wa simenti wa kilo 50.

Nimechukua kijiti cha kawaida nikakipima kwa rula. Unene wake ni milimita 5. Piga hesabu: eneo la ncha yake ni sentimita 0.2 za mraba, sehemu moja ya kumi ya kinachotakiwa. Sentimita mbili za mraba ni duara la milimita 16 hivi, dogo kuliko sarafu ya peni tano ya Uingereza, yenye milimita 18. Weka sarafu hiyo kwenye paji la uso uisukume kwa kidole gumba. Kisha fanya vivyo hivyo kwa ncha ya kijiti. Nguvu ni ileile, ila shinikizo juu ya mfupa ni zaidi ya mara kumi. Mimi sikuendelea kusukuma.

Hesabu hii ilianza kwa watu walioumia. Miaka ya 1930 mjini Detroit, daktari wa kurekebisha sura, Claire Straith, alikuwa akishona nyuso zilizopasuliwa na vifundo vya dashibodi, na wengi waliofika kwake walikuwa abiria wa kiti cha mbele. Alipiga kelele hadi magari ya Dodge ya mwaka 1937 yakatoka na vifundo vilivyozamishwa.

Wapo wanaosema mkanda wa mabega mawili unamaliza yote. Unamaliza mengi, ukikazwa. Safari ya kwenda dukani watu huulegeza ili mkono ufike kwenye swichi hizohizo.

Na nafasi ipo. Eneo lililo nyuma ya usukani, pamoja na milimita 127 kuuzunguka, limesamehewa katika kipimo cha kichwa. Anayependa vijiti avipange humo, mbele ya macho yake mwenyewe, na kwingine aweke swichi bapa zinazobonyea upande, kama za taa za ukutani. Upande wa abiria ubaki mtupu. Yule abiria hakuchagua swichi hata moja, na hana usukani wa kushikilia.

Kinachoniuma zaidi ni ile desturi ya kuvisha vijiti kofia za mpira asubuhi ya ukaguzi na kuzivua jioni. Cheti kimepatikana, kofia zimo ndani ya droo, na kwenye kiti cha kushoto anakaa mke au mtoto, uso wake ukitazamana na chuma kilekile ambacho mkaguzi hakukiona.