Kabla ya kumuuliza mwenye shaka yuko kambi gani

Tarehe 22 Mei 2020 jarida la kitabibu la Lancet lilichapisha utafiti uliosema kwamba wagonjwa wa korona waliopewa haidroksiklorokwini, ile dawa ya malaria, walikufa kwa wingi kuliko wale ambao hawakupewa. Watafiti walidai kukusanya rekodi za wagonjwa 96,032 kutoka hospitali 671 za mabara sita. Siku tatu baadaye Shirika la Afya Duniani likatangaza kusimamisha kwa muda majaribio yake ya dawa hiyo. Ufaransa nayo ikafuta ruhusa ya kuwapa wagonjwa wa korona. Kisha, tarehe 4 Juni, makala yenyewe ikaondolewa, kwa sababu Surgisphere, kampuni ya Marekani iliyotoa takwimu, ilikataa kuzikabidhi kwa wakaguzi. Tangu kuchapishwa hadi kufutwa hazikutimia wiki mbili.

Kisa hiki kinajulikana, na kila kambi inakisimulia inavyotaka. Wapo wanaokitumia kuthibitisha kwamba wanasayansi ni waongo wa kununuliwa. Wapo wanaokitumia kuthibitisha kwamba sayansi hujisahihisha yenyewe, kwa hiyo tutulie, wenye kazi yao wanaijua. Simulizi zote mbili zinanitia mashaka, na hiyo ya pili zaidi, maana inapita juu ya watu waliofanya kazi yenyewe. Sayansi haikujisahihisha yenyewe. Kuna watu walioketi wakasoma majedwali mstari kwa mstari, wakaona hesabu hazikai sawa, wakasema hadharani, na kwa siku kadhaa wakaonekana wakorofi.

Tazama walichokiona. Makala ilisema kwamba kufikia tarehe 21 Aprili wagonjwa 73 walikuwa wamefariki katika hospitali tano za Australia. Siku hiyo hesabu ya vifo vya korona kwa Australia nzima ilikuwa 67. Hospitali tano zimezidi nchi yenye hospitali hizo! Wenye utafiti walipoulizwa wakajibu kwamba hospitali moja ya Asia ilikuwa imeingizwa Australia kimakosa. Lancet ikatoa sahihisho mwishoni mwa Mei, likiambatana na maneno ambayo mimi yananisumbua hadi leo: kwamba matokeo ya utafiti hayabadiliki.

Kuhusu Afrika, barua ya wazi iliyotiwa saini na wanasayansi zaidi ya 100 ilionyesha kwamba, kwa mujibu wa makala ile, karibu asilimia 25 ya wagonjwa wote wa korona barani na asilimia 40 ya vifo vyote walikuwa katika hospitali zilizounganishwa na Surgisphere, yaani hospitali zenye mitambo ya kuhifadhi kwa kina rekodi za kielektroniki za kila mgonjwa. Yeyote aliyewahi kushika faili la karatasi la mgonjwa, lenye kurasa zilizochomoka na mwandiko usiosomeka, anajua hapo kuna jambo. Barua hiyo ikaongeza kwamba wastani wa kipimo cha dawa kwa siku ulikuwa juu ya kiwango kilichopendekezwa Marekani kwa miligramu 100, ilhali asilimia 66 ya takwimu zilitoka Amerika Kaskazini. Tena hali za wagonjwa zilifanana mno bara kwa bara, kana kwamba watu wote duniani huugua na kuishi kwa namna moja.

Kuyaona haya hakukuhitaji maabara wala siri kutoka ndani ya kampuni. Kulihitaji mtu asiyeamini namba kwa sababu tu ni kubwa. Rekodi 96,032 zinatisha, nazo zilitisha: makala ilipita kwa wahakiki wa mojawapo ya majarida yanayoheshimiwa kuliko yote, ikaaminiwa na wakuu wa afya, ikasomwa kwenye taarifa za habari. Ukubwa wa namba ulifanya kazi ambayo ingefanywa na ushahidi.

Sasa ongeza siasa. Tarehe 18 Mei, siku nne kabla ya makala, rais wa Marekani, Donald Trump, aliwaambia waandishi wa habari kwamba yeye mwenyewe anaitumia haidroksiklorokwini. Kuanzia hapo dawa ikawa na chama. Aliyehoji makala ya Lancet alijitia kwenye hatari ya kuhesabiwa mfuasi wa Trump, na aliyeikubali alijipatia cheti cha kuwa mtu mwenye busara. Miongoni mwa waliotia saini barua ya wazi walikuwamo watu walioendesha majaribio ya dawa hiyo, wasio na haja ya kumfurahisha mwanasiasa yeyote; walitaka tu kujua kama inafanya kazi. Lakini swali la kwanza lililowapokea watu wa namna hiyo halikuwa “umeona nini?” Lilikuwa “uko upande gani?”

Swali hilo la pili nalichukia, ingawa naelewa linakotoka.

Wanaolitetea wana hoja, na hoja yao si dhaifu. Mwaka 1969 ofisa mmoja wa kampuni ya sigara ya Brown & Williamson aliandika katika waraka wa ndani kwamba bidhaa yao ni shaka, kwa kuwa shaka ndiyo njia bora ya kushindana na ukweli uliokwisha kuingia vichwani mwa watu. Wenye sigara hawakuhitaji kuthibitisha kwamba tumbaku ni salama. Iliwatosha watu waseme “bado wataalamu wanabishana”. Mbinu hiyo imeigwa tangu wakati huo katika mijadala mingine, wa mabadiliko ya tabianchi ukiwamo, na kila mara shaka huwa rahisi kuitengeneza na ghali kuijibu: sentensi moja ya kupanda wasiwasi, kurasa arobaini za kuujibu, na msomaji hafiki hata ukurasa wa tatu. Mtu wa kawaida hana muda wa kukagua kila dai. Lazima aamini mtu fulani, kama anavyomwamini fundi aliyejenga daraja analolivuka. Ukimwambia ahoji kila kitu hujamkomboa. Umemwachia anayepiga kelele zaidi amshike mkono. Hoja hii naikubali karibu yote.

Ninapoachana na hao watetezi wa kuwaamini wataalamu ni pale wanapotoa mfano wao mkuu, ule wa chanjo. Mwaka 1998 daktari Mwingereza, Andrew Wakefield, na wenzake walichapisha makala iliyohusisha chanjo ya surua, matumbwitumbwi na rubela na usonji. Watoto waliochunguzwa walikuwa 12 tu. Wazazi wakaingiwa na hofu, kiwango cha chanjo kikashuka, surua ikarudi katika jamii zilizokuwa karibu kuisahau. Tunaambiwa: tazameni shaka ilivyoua.

Lakini makala ile ilichapishwa wapi? Ilichapishwa Lancet. Wazazi waliogopa kwa sababu taasisi yenye heshima iliigongea muhuri, na jarida likakaa miaka 12, hadi 2010, ndipo likaifuta. Aliyeifumua alikuwa mwandishi wa habari, Brian Deer, aliyeanza mwaka 2003 kufuatilia fedha, watoto na rekodi zao, akakuta mambo hayalingani na yaliyoandikwa. Yaani mfano unaotolewa kuonyesha hatari ya shaka ni mfano wa imani iliyopewa bila kukagua, kisha ikaokolewa na mtu mwenye shaka. Sisemi Wakefield hana wafuasi wanaojiita wenye shaka. Anao, na wameleta madhara. Ila hao hawana shaka hata chembe. Wameamini makala ya watoto 12 kuliko tafiti zote zilizofuata, zenye watoto kwa mamia ya maelfu. Huo ni uumini, tena wa kupindukia.

Turudi kwenye haidroksiklorokwini, kwa sababu kisa hakikuishia tarehe 4 Juni. Siku iliyofuata jaribio la Uingereza liitwalo RECOVERY lilitangaza kwamba dawa haiwasaidii wagonjwa waliolazwa hospitalini. Hili lilikuwa jaribio la kweli: wagonjwa waligawanywa kwa kubahatisha, 1,561 wakapewa dawa na 3,155 wakapata matibabu ya kawaida. Katika siku 28 walifariki asilimia 27 ya waliopewa na asilimia 25 ya wasiopewa, tofauti ambayo yaweza kuwa ya bahati tu. Dawa haikuokoa.

Basi wale waliokuwa wakiwadhihaki wenye shaka wakapumua. Si mnaona? Lancet ilisema dawa haifai, na kweli haifai. Kelele zote zile za nini?

Swali hilo ni zito na limenikalia kwa muda mrefu kuliko jambo lolote katika kisa hiki, maana kwa upande wa matokeo hawajakosea sana. Mgonjwa aliyenyimwa dawa kwa ajili ya makala mbovu hakukosa tiba. Lakini angalia njia iliyotufikisha hapo. Ile makala ya Surgisphere ilipotoka, waangalizi huru wa RECOVERY waliombwa kukagua takwimu za jaribio lao, wakazitazama, wakasema jaribio liendelee. Laiti wangejiunga na woga wa wiki ile, jibu tulilo nalo leo lingechelewa, na hoja ya dawa ingebaki mikononi mwa wanasiasa na wafuasi wao kwa miezi mingine. Tena fikiria upande wa pili: dawa ingekuwa inafanya kazi, majaribio ambayo yangelionyesha hilo ndiyo yaliyosimamishwa kwa namba ambazo hakuna aliyeziona. Kwamba mwisho wake tuliangukia jibu sahihi hakuifanyi makala ile kuwa ushahidi. Aliyebahatisha jibu la mtihani bado hajui somo. Na aliyeihoji alikuwa na haki ya kuihoji hata kama dawa haikufaa, jambo ambalo kambi zote mbili zilishindwa kulimeza: moja ilitaka makala iwe kweli kwa sababu dawa haifai, nyingine ilitaka dawa ifae kwa sababu makala ilikuwa uongo.

Mwaka mmoja baadaye meza iligeuka. Safari hii dawa ilikuwa ivamektini, ile ya kuua minyoo na vimelea wengine, na makala iliyokuwa ikipeperushwa ni ya watafiti wa Misri, iliyowekwa mtandaoni Novemba 2020 kabla ya kuhakikiwa, ikidai kwamba dawa hiyo inapunguza vifo kwa kiasi cha kushangaza. Mwanafunzi mmoja wa tiba jijini London alipewa na mwalimu wake kazi ya kuisoma. Akagundua sehemu zake zimenakiliwa kwingine. Akalipia faili la takwimu, akalikuta limefungwa kwa neno la siri, akajaribu 1234, likafunguka. Ndani yake kulikuwa na wagonjwa waliojirudia, na wengine waliohesabiwa kufa katika utafiti ilhali walikuwa wamekufa kabla haujaanza. Julai 2021 makala ikaondolewa, na chambuzi za jumla, zile zinazounganisha matokeo ya tafiti nyingi, zilizokuwa zikiiegemea zikapoteza nguvu nyingi.

Waliopiga vigelegele Surgisphere ilipoanguka wengi wao walinyamaza, au wakasema mwanafunzi yule ametumwa na kampuni za dawa. Ni lile lile swali la kambi, limevaa jezi nyingine. Wakati kazi aliyoifanya ni ile ile iliyofanywa kuhusu vifo 73 vya Australia: kufungua jedwali na kuhesabu.

Kwa hiyo mimi nina vipimo vyangu vya kumpima mwenye shaka, navyo havihusu chama. Cha kwanza, anaweza kunionyesha mstari? “Wanatuficha” hainitoshi, nipe ukurasa, nipe namba, nikaangalie mwenyewe. Cha pili, na hiki ndicho huwaangusha wengi, ni kumwuliza kitu gani kingemfanya abadili mawazo. Waandishi wa ile barua ya wazi walilitaja jambo hilo kwa kuomba takwimu zikaguliwe na chombo huru, na ukaguzi ungezikuta safi, hoja yao ingekwisha. Kampuni za sigara hazikuwahi kutaja utafiti ambao ungezinyamazisha. Nao wauza hofu ya chanjo, kila wanapoletewa utafiti mpya, husogeza goli.

Na watetezi wa taasisi nao wana deni. Tarehe 28 Machi 2020 Shirika la Afya Duniani liliandika kwa herufi kubwa mtandaoni kwamba korona HAIENEI kwa njia ya hewa. Julai mwaka huo wanasayansi 239 wakaliandikia wazi kulitaka likubali uwezekano huo, na baadaye maelezo ya shirika yakabadilika taratibu, bila herufi kubwa. Kosa lenyewe nalisamehe, ugonjwa ulikuwa mpya. Kigumu kusamehe ni ile sauti ya uhakika iliyokopwa pasipo dhamana, kwa sababu siku ya kulipa hulipwa na wahudumu wa afya wasiokuwa na kosa, wanaokuja na ujumbe wa kweli na kukuta masikio yamezibwa.

Septemba 2020 Lancet ilibadilisha masharti yake: sasa lazima zaidi ya mwandishi mmoja wa makala athibitishe kwamba ameziona na kuzikagua takwimu mwenyewe. Hatua nzuri. Lakini anayetia sahihi hiyo bado ni mwandishi wa makala, yule yule mwenye hamu ya kuiona imechapishwa, na msomaji wa nje anayetaka kuhesabu kwa mkono wake, katika tafiti nyingi bado ataambiwa aombe ruhusa kwa wenye takwimu.