Takwa na Manda Toto kwa Siku Moja? Uliza Maji Kwanza

Anayeuza safari ya visiwa pale gatini Lamu atakutajia mambo matatu kwa pumzi moja: magofu ya Takwa, kuogelea Manda Toto, na kutazama jua likitua Shela. Kuondoka saa tatu asubuhi, kurudi saa kumi na mbili jioni. Hakuulizi unataka kwenda siku ya ngapi ya mwezi mwandamo, na hapo ndipo pa kumshuku. Takwa haifikiki kwa chombo maji yakishatoka. Mkanda, njia ya mkato ya kwenda Manda Toto kati ya kisiwa cha Manda na bara, nao ni hivyo hivyo. Safari inayoondoka saa tatu kila siku ya Mungu, mwezi mchanga au mpevu, imepangwa kwa kufuata chai ya hoteli. Bahari haikuulizwa.

Maoni yangu ni haya: kwa chombo cha tanga, chagua Takwa au Manda Toto, usichague zote mbili, na saa ya kuondoka itoke kwenye jedwali la maji.

Hesabu yenyewe si ngumu. Maji hujaa mara mbili na kupwa mara mbili kwa siku, na kutoka kujaa hadi kupwa ni zaidi kidogo ya saa sita. Kila siku huchelewa kwa wastani wa dakika 50 kuliko jana, pungufu kidogo siku za bamvua, yaani maji makubwa, zaidi siku za maji mafu, yanayojaa na kupwa kidogo. Wakati wa bamvua, mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, pwani yetu hujaa kati ya saa kumi na saa kumi na moja, alfajiri na jioni. Maana yake ni kwamba saa nne na saa tano asubuhi bahari iko mbali kabisa, na tofauti ya kina kati ya kujaa na kupwa hupita mita 3. Sasa mchukue yule aliyeondoka saa tatu. Atafika mdomoni mwa hori ya Takwa, mkono mwembamba wa bahari unaoingia kati ya mikoko, saa ile ile ambayo hori imebaki tope na mizizi ya mikoko. Akiwa na bahati, nahodha atageuza. Akiwa na nahodha anayeona haya kumwambia mgeni hapana, watasukuma kwa upondo, ule mti mrefu, mpaka mkuku, uti wa chini wa chombo, ukae, kisha wapwelewe hapo na mbu mpaka maji yarudi.

Kwa Takwa, ingia hori katika saa mbili za mwisho za maji kujaa, na uwe umetoka kabla ya saa moja na nusu kupita tangu yalipojaa. Una kama saa tatu na nusu kwa jumla, na hori yenyewe inakula sehemu yake kwenda na kurudi, hasa upepo ukizuiliwa na mikoko na mabaharia wakashika upondo. Kwa hiyo siku za bamvua mahali pake ni alasiri: toka Lamu saa saba hivi, ingia hori saa nane u nusu, na saa kumi na mbili uwe nje. Mawe yamepoa, na mwanga wa jioni unaangukia vizuri ukuta wa msikiti wa Ijumaa, ule wenye nguzo iliyosimama juu ya kibla. Nje ya ukuta wa mji liko kaburi la mnara lenye mwaka 1094 Hijria, yaani 1682 au 1683, na hadi leo watu wa Shela huenda hapo kuomba mvua. Basi si mahali pa kupanda juu ya mawe ili upigwe picha. Ukibakiwa na dakika ishirini, vuka matuta ya mchanga upande wa pili. Bahari kuu iko hapo hapo, na ndiyo inayokuonyesha kwa nini mji ulijengwa kwenye shingo hii nyembamba ya nchi. Lakini nahodha akiita, shuka. Dakika ishirini za kubembelezana na watu wasiomaliza picha ndizo zinazokwamisha vyombo Takwa kuliko upepo wowote.

Manda Toto inataka siku nyingine kabisa. Hapa tafuta siku ambayo maji yanajaa kati ya saa moja u nusu na saa tatu asubuhi, ambayo kwa kawaida huangukia kati ya siku ya 4 na ya 6 ya mwezi mwandamo, au ya 19 na ya 21. Hakikisha kwenye jedwali, kwa sababu kuandama kwa mwezi hakukubaliani na kalenda kila mara. Siku kama hizo unapita Mkanda na maji yaliyojaa, unafika kwenye matumbawe maji yakiwa yanatoka, na saa nane mchana yanasimama. Huo ndio wakati wa kuvaa miwani na mrija: kina ni kidogo, mkondo umelegea, jua liko juu. Saa kumi u nusu maji yamerudi nusu, unaanza safari ya kurudi, na Mkanda unapitika tena kabla ya giza. Kasoro yake ni kwamba siku hizo zinakaribia maji mafu, kwa hiyo hata yakijaa Mkanda hauwi na kina kirefu kama cha bamvua. Mashua yenye watu wanane inapita. Jahazi kubwa lililoshiba, muulize nahodha mara mbili.

Anayekosa Mkanda jioni ana njia mbili tu: kungoja, au kuzunguka Manda kwa nje, bahari kuu. Katika kusi, upepo wa kusini, ya Juni hadi Agosti, hiyo ya pili isifikiriwe na mtu mwenye abiria.

Na upepo una hesabu yake. Kusi hukupeleka Mkanda kwa raha, tanga limejaa na hakuna anayelowa, kisha inakuachia deni la kurudi. Kurudi ni kubisha, yaani kwenda kinyume cha upepo kwa kupindapinda, na kubisha ndani ya mlango mwembamba kwa tanga letu ni kazi: kila ukigeuza lazima foromali, mti unaobeba tanga, ivushwe mbele ya mlingoti na demani, kamba ya kushikia tanga, ihamishwe upande wa pili, na wakati huo wote mkondo unakurudisha ulikotoka. Kaskazi, upepo wa kaskazini wa Desemba hadi Machi, ni kinyume chake: unahangaika asubuhi ukiwa na nguvu, unarudi jioni umelala. Ndiyo maana Manda Toto ni safari ya kaskazi. Wakati wa kusi, kodi chombo chenye mashine ya kusaidia, na petroli igawanywe mafungu matatu: moja ya kwenda, moja ya kurudi, moja isiguswe. Wapo wanaosema mashine inaharibu utamu wa tanga. Utamu gani saa mbili usiku, watoto wanatapika?

Kabla hujatoa shilingi, shuka ukakitazame chombo. Inua mbao za sakafu uone ngama, pale maji yanapokusanyika chini ya chombo: maji kidogo ni kawaida kwa chombo cha mbao, lakini yakifika kwenye vifundo vya miguu chombo kikiwa bado kimefungwa gatini, kalafati, pamba ya kuzibia mianya ya mbao, imechoka. Ndoo ya kutolea maji chomboni iwepo, tena mbili. Farumi, ile mifuko ya mchanga ya kukipa chombo uzito, iwe imebanwa katikati. Ikiachwa huru, chombo kikilala upande mmoja na mifuko nayo inateleza upande huo huo, na hapo ndipo vyombo hupinduka. Tazama jarari, kamba ya kutwekea tanga, kule inapopita juu ya mlingoti, kwa sababu kamba hukatikia pale isipoonekana. Amari, kamba ya nanga, iwe ndefu angalau mara tano ya kina utakapotia nanga, na nanga itiwe mchangani, isitupwe juu ya matumbawe. Jaketi la kuokolea maisha liwepo kwa kila kichwa, pamoja na watoto, kwa saizi yao. Mamlaka ya Bahari ya Kenya inalidai, na jaketi lililofungiwa chini ya magunia ya mkaa halimwokoi mtu. Mkishatweka tanga, angalia kama demani imefungwa fundo. Mtu anapaswa kuwa ameishika, tayari kuiachia, maana dhoruba ndogo ya ghafla haikupi muda wa kufungua fundo.

Chakula kina ulaghai wake mdogo. "Tutavua wenyewe" ni maneno matamu, lakini mshipi na ngisi wa chambo havina mkataba na mtu. Samaki wanunuliwe sokoni asubuhi, changu au kolekole, na watakaovuliwa wawe nyongeza. Mkaa uwashwe ndani ya sanduku lenye mchanga, upande upepo unakoelekea, ili cheche zisiruke kwenye tanga. Maji ya kunywa ni lita 3 kwa mtu. Soda si maji.

Mnapopatana bei, taja kila kitu kwa jina: petroli, chakula, miwani na mirija, na kiingilio cha Takwa ambacho ni cha Makumbusho ya Kitaifa na mara nyingi hakimo katika bei ya nahodha. Kisha muulize swali moja: "Nahodha, siku hiyo maji yanajaa saa ngapi?" Anayejua atakujibu kabla hujamaliza kuuliza, pengine akuongezee na saa ya kupwa. Anayejibu "wewe usijali, tutafika", mshukuru na uendelee mbele. Gati ni refu.

Kama umekuja katikati ya kusi kali na siku zako ni mbili tu, iache Manda Toto. Nenda Matondoni, upande wa ndani wa kisiwa cha Lamu, ambako kisiwa chenyewe kinakukinga na bahari. Hakuna matumbawe ya kuogelea hapo. Kuna mafundi wanaounda vyombo: utaona mataruma, mbavu za chombo, yakichongwa kwa tezo kufuata pindo la asili la mti, na pamba ikipigwa katikati ya mbao kwa patasi butu. Muda wake nao ni wa maji yaliyojaa, maana ufuo ni wa tope, na anayeshuka maji yakiwa nje atatembea na viatu mkononi.