Siku Niliyoinyamazisha Land Rover

Land Rover yangu ni Series III ya mwaka 1974, injini ya petroli ya lita 2.25, na tangu niinunue ilikuwa ikilia kama cherehani ya fundi aliyechelewesha nguo za harusi. Tik-tik-tik-tik! Watu wa nyumbani walijua narudi kabla sijakata kona. Kila aliyefunua boneti alitamka neno moja tu, "tapeti," kisha akaishusha polepole kama anayefunika marehemu.

Jumamosi moja nikasema basi, tapeti, yaani upenyo wa valvu, nazipima mwenyewe. Kitabu cha gari ninacho, fila, vile vibati vyembamba vya kupimia upenyo, ninayo, na msaidizi yupo: mpwa wangu, kijana mwenye nguvu nyingi na maswali mengi zaidi.

Kazi yenyewe, kwa asiyeijua, haitishi. Valvu, vile vilango vya silinda, ziko nane, kila moja inabonyezwa na roka yake, kimkono cha chuma. Kati ya roka na mkia wa valvu pabaki kaupenyo, maana chuma kikipata moto hurefuka. Pasipobaki kitu, valvu haikai vizuri kwenye kiti chake. Upenyo ukizidi, ndiyo hiyo cherehani. Kitabu kinasema 0.010 kwa zote nane, injini iwe ya moto au ya baridi. Halafu kuna hesabu tamu ya tisa: namba 8 ikibonyezwa mpaka mwisho, pima namba 1. Ikibonyezwa 6, pima 3. Ikibonyezwa 4, pima 5. Ukijumlisha, tisa, kila mara. Niliipenda hesabu hiyo kiasi cha kumfundisha mpwa wangu mara tatu, na aliielewa mara ya kwanza.

Tukachomoa plagi zote nne ili injini izunguke kirahisi, nikafungua nati tatu za kifuniko cha roka, kijana akashika hendeli kule mbele.

"Zungusha. Taratibu. Taratibu, bwana! Simama!"

"Mjomba, ukisema simama mkono ukiwa juu, unashuka wenyewe."

"Basi simama kabla sijasema."

Nikaitawanya fila mkononi kama mcheza karata, vibati vinang'aa kwa oili, nikatafuta chenye kumi. Hiki hapa: 0.10. Nikakipenyeza. Bisibisi mkono wa kushoto kwenye skrubu, spana mkono wa kulia kwenye nati, na fila ikabaki inaning'inia kama ulimi wa mbuzi mwenye kiu, maana mkono wa tatu sikuzaliwa nao. Kibati kinatakiwa kiburuze kidogo, kisiteleze bure wala kisigome, kama kuvuta karatasi iliyokaliwa na mtu aliyesinzia. Kikaburuza. Nikakaza nati.

Sasa ile skrubu ina tabia mbaya: ukikaza nati, nayo inaifuata kidogo, inakula upenyo. Ndiyo maana kitabu kinakuambia ukishakaza, pima tena. Sikupima tena. Nilikuwa na valvu saba zinanisubiri na nilishaanza kujiita fundi.

Tukarudisha kila kitu, nikapiga stata. Kimya. Si kimya cha kuzimika, ni kimya cha injini inayonong'ona.

"Mjomba, imezima?"

"Haijazima. Imestaarabika."

Nikawaita watu wa nyumbani waje wasikilize. Wakaja, wakatega masikio, hawakusikia kitu, wakarudi ndani. Sijawahi kufurahia kupuuzwa kiasi kile.

Tukatoka kuijaribu. Kilomita chache za tambarare, raha tupu. Mpwa wangu akawa anaongea bila kupiga kelele, jambo geni ndani ya gari lile. Halafu kikaja kilima. Injini ilishapata moto sawasawa. Nikakanyaga mafuta, gari likanitazama. Nikashuka gea, likaanza kupumua pu, pu, pu kule nyuma, na kabureta nayo ikapiga chafya. Gea ya kwanza. Mwenye baiskeli akatupita, na alikuwa ameshuka, anaisukuma.

"Mjomba, naye anapanda."

"Nimemwona."

Tukageuza, tukajikokota mpaka kwa Mzee, fundi wetu wa siku zote. Hakugusa spana. Alichomeka hendeli, akazungusha injini kwa mkono mmoja. Silinda nne zinatakiwa zikusukume kila moja kwa zamu yake. Mbili zikasukuma. Mbili zikapita bure kama mlango usio na komeo.

"Tapeti nani kazipima?"

"Mimi, Mzee."

"Ngapi?"

"Kumi."

"Kumi ya nini?"

Hapo ndipo nilipohisi jasho. Kumi ya kitabu ilikuwa ya inchi: inchi 0.010, ambayo ni milimita 0.25. Fila yangu ilikuwa ya milimita. Ile 0.10 yangu haikufika hata nusu ya kilichotakiwa, na kidogo kilichobaki kililiwa na skrubu wakati nakaza. Injini haikuwa imestaarabika. Ilikuwa imekabwa koo.

"Kumi ni kumi, Mzee," nikajitetea, na mpaka leo najuta mpwa wangu alikuwa amesimama karibu.

Mzee akazipima upya zote nane, kila moja mara mbili, kabla na baada ya kukaza, huku akijihesabia tisa zake kimoyomoyo. Akawasha. Tik-tik-tik ikarudi, ila ya chini, ya adabu, kama saa ya ukutani.

"Mjomba, si ile ile kelele tuliyokuja kuiondoa?"

Mzee akacheka mpaka akashika bampa. "Mwanangu, tapeti ikilia kidogo, naijua hali yake. Ikinyamaza kabisa, nauliza nani kaigusa."

Kisha akaniomba ile fila. Akalegeza skrubu yake, akachomoa kibati kimoja, cha 0.25, akanitia mkononi. Vingine vyote akavitupia kwenye droo yake na kufunga. Hivyo, akasema, nitavichukua nikikua.