Mangi Hana Jina la Kike

Katika mitaa mingi ya Dar es Salaam, mtoto anayetumwa robo ya sukari huambiwa aende "kwa Mangi". Neno hilo lilikuwa cheo cha watawala wa Kichaga hadi utawala wa machifu ulipofutwa baada ya Uhuru, na leo limebaki kuwa jina la kila mwenye duka la rejareja, awe ametoka Rombo au hajawahi kuuona Mlima Kilimanjaro kwa macho yake. Mkewe akiwa ndiye aliyekaa nyuma ya nondo, hata kama amekaa hapo tangu alfajiri, mteja huita "Mangi!" kwanza, kisha akishamwona hujisahihisha na kusema "Mama Neema". Mwanamume amepewa cheo cha kichifu. Mwanamke amepewa jina la mwanawe.

Mimi nimelelewa na duka la namna hiyo, huko Tabata. Baba alikwenda Kariakoo mara mbili kwa juma kufuata mzigo, na siku hizo aliondoka kabla hakujapambazuka. Mama alifungua dirisha saa kumi na mbili ili wanafunzi wapate mkate kabla ya kwenda shule, na tangu hapo hadi jioni alipima mchele na unga, akamimina mafuta ya kula kwenye vichupa vya wateja, akakata mche wa sabuni vipande vinne na kuandika katika daftari la madeni nani amechukua nini. Jioni baba alikaa kwenye droo, akahesabu fedha na kufunga hesabu. Mtu akimuuliza habari za mama, alijibu kwa upole kabisa, "Ananisaidia dukani." Mama naye alisema hivyohivyo: "Namsaidia mzee."

Neno hilo "kusaidia" ndilo ninalogombana nalo. Baba alipougua malaria na kulala juma zima, duka halikutetereka. Mama alimpigia simu muuzaji wa jumla, mzigo ukaletwa kwa guta, na wateja wengi hawakujua kwamba mwenye duka yu kitandani. Mama alipokwenda msibani kwa siku nne tu, baba alimkopesha mchele na mafuta mpangaji mmoja ambaye mtaa mzima, isipokuwa yeye, ulikwishajua kwamba anahama mwisho wa mwezi. Mwenye kusaidia ni yule ambaye asipokuwapo kazi huendelea. Kwa kipimo hicho sijui kwetu nani alikuwa anamsaidia nani.

Kuna jambo moja lililonichukua miaka mingi kuliona, ingawa lilikuwa mbele ya macho yangu. Dukani kwetu, kama ilivyo katika maduka mengi ya aina hiyo, waliletwa vijana wa kiume kutoka kijijini. Kijana alilala stoo juu ya magunia, akala nyumbani, akajifunza bei, vipimo na maneno ya kumtuliza mteja mkali. Baada ya miaka mitatu au minne, akionekana mwaminifu, baba alimpa mtaji kidogo, akamtambulisha kwa wauza jumla wa Kariakoo, na kijana akafungua duka lake mtaa mwingine, naye akaitwa Mangi. Nimehesabu watatu walioondoka kwetu kwa njia hiyo. Utaratibu huu ni mzuri, na naamini ndio umeyaeneza maduka haya nchini kuliko mkopo wowote wa benki. Lakini mama, aliyewafundisha wote watatu jinsi ya kupima bila kumpunja mteja wala kujipunja, hajahitimu mpaka leo. Hakuna aliyewahi kumtambulisha Kariakoo. Magari ya kusambaza bidhaa yakisimama mlangoni, vijana wanaoshuka humsalimu kwa heshima, "Shikamoo mama," na swali la pili ni "Mzee yupo?"

Wapo watakaosema kwamba hii ni mila. Mila ipi? Huko huko Kilimanjaro soko lilikuwa mahali pa wanawake, na ndizi zilikuwa biashara yao, ilhali kahawa ilikuwa zao la baba na fedha zake zilikuwa za baba. Duka lilipokuja, mtaji wake mara nyingi ulitokana na fedha za kahawa, na umiliki ukafuata mtaji, ingawa ujuzi wa kuuza kwa robo na nusu, kukopesha na kukumbuka sura ya mdaiwa ulikuwa umekaa sokoni kwa akina mama muda mrefu. Na kwa Waislamu wa pwani sina haja ya kueleza kwamba Bi Khadija alikuwa mfanyabiashara kabla hajaolewa na Mtume.

Hoja yenye uzito zaidi ni ya usalama. Majambazi huja saa ya kufunga, na mtu mwenye fedha za mzigo huviziwa njiani. Ni kweli, na simlaumu mume asiyetaka mkewe akae dukani hadi saa tano usiku. Lakini siku hizi muuzaji wa jumla hulipwa kwa simu, na hoja hiyo haielezi kwa nini leseni iliyobandikwa ukutani, namba ya mlipakodi na laini ya uwakala wa fedha za simu viwe kwa jina la mtu mmoja.

Jina hilo si urembo. Kifungu cha 60 cha Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 kinaichukulia mali iliyopatikana wakati wa ndoa kwa jina la mmoja kuwa ni yake peke yake mpaka ithibitishwe vinginevyo. Ikiwa kwa majina ya wote wawili, haki zao huchukuliwa kuwa sawa. Mwaka 1983 Mahakama ya Rufani, katika shauri la Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu, ilikubali kwamba kazi za nyumbani za mke ni mchango katika mali ya familia, nao ulikuwa uamuzi mkubwa. Lakini huo ni msaada wa siku ya talaka. Mume akifariki, na mirathi ikafuata sheria ya kimila iliyotangazwa mwaka 1963 kwa Tangazo la Serikali Namba 436, mjane hana fungu iwapo marehemu ameacha ndugu wa ukoo wake. Atatunzwa na watoto. Ndugu huja na kufuli jipya, na daftari la madeni halisomwi kama ushahidi wa umiliki.

Ndiyo maana simhukumu mke anayedokoa elfu mbili kila siku kwenye droo akapeleke kwenye kikoba. Akigunduliwa huitwa mwizi, wakati mumewe akitoa elfu kumi za bia ametoa "kwenye duka lake".

Jina la biashara linaweza kusajiliwa kwa Wakala wa Usajili wa Biashara na Leseni (BRELA) kwa ubia wa watu wawili, na hakuna kinachozuia watu hao kuwa mume na mke. Leseni ya duka letu inakaribia kuisha muda, nami nimemwomba baba asiihuishe kabla hatujazungumza. Hajanijibu. Mama amekwishapiga picha za pasipoti.