Kabla muuguzi hajatia sahihi mkataba wa Uingereza

Tangazo la kazi ya uuguzi Uingereza likisambaa kwenye makundi ya WhatsApp, wengi hukimbilia hesabu moja. Wanachukua mshahara wa kuanzia wa daraja la 5 la NHS, huduma ya afya ya umma ya Uingereza, ambao kwa mwaka wa fedha wa 2025/26 ulikuwa pauni 31,049, wanauzidisha kwa shilingi 170 za Kenya hivi, wanagawanya kwa miezi 12, na kupata karibu shilingi 440,000 kwa mwezi. Hapo mtu huanza kuuza shamba.

Pesa hizo hazifiki mkononi. Mwajiri hukata kwanza mchango wa pensheni ya NHS, takriban asilimia 8 katika kiwango hicho cha mshahara. Kisha inakuja kodi ya mapato, asilimia 20 ya kinachozidi pauni 12,570 kwa mwaka, na mchango wa hifadhi ya jamii, National Insurance, asilimia 8 ya kinachozidi kiwango hicho hicho. Ukipiga hesabu vizuri, muuguzi anayeanza kwa mshahara huo hubakiwa na takriban pauni 1,980 kwa mwezi. Chumba katika nyumba ya kushirikiana nje ya London mara nyingi kinakula kati ya pauni 500 na 700. Ongeza nauli, chakula na simu, na umeme wa kipupwe ambao mgeni kutoka Nakuru au Mombasa huwa hajaupigia hesabu kabisa. Anayeishi peke yake na kubana matumizi bado ataweka akiba ambayo Kenya hangeiweka. Anayekuja na mwenzi na watoto wawili, huku mwenzi hajapata kazi, hataweka kitu mwaka wa kwanza. Atapangisha nyumba nzima, na ile posho ya watoto ambayo serikali ya Uingereza huwapa wazazi haimhusu mwenye viza ya aina hii. Mali bila daftari hupotea bila habari.

Hata hivyo, kuna vitu vinavyoongeza mshahara ambavyo watu hawaviulizi. Saa za usiku na Jumamosi hulipwa nyongeza ya asilimia 30 kwa daraja la 5, na Jumapili na sikukuu asilimia 60. London ya ndani ina nyongeza ya asilimia 20 ya mshahara wa msingi, ingawa kodi ya nyumba huimeza. Jambo kubwa zaidi ni ngazi ya kuanzia. Daraja la 5 lina ngazi tatu, ambazo mwaka 2025/26 zilikuwa: pauni 31,049 kwa anayeanza, 33,487 baada ya miaka miwili, na 37,796 baada ya miaka minne. Hospitali inaweza kuhesabu uzoefu uliopata nyumbani, lakini wengi wenye miaka minane wodini huwekwa chini kabisa kwa sababu hawakuuliza. Uliza kwa barua pepe kabla ya kukubali kazi, ambatisha barua za waajiri wako zenye tarehe, na usubiri jibu la maandishi. Ukishaanza kazi, kurekebisha ngazi ni mlima. Fahamu pia kwamba kabla ya kusajiliwa kama muuguzi Uingereza, hospitali nyingi hukulipa kwa daraja la chini, la 3 au la 4. Kwa hiyo miezi ya mwanzo ndiyo yenye pesa kidogo na gharama nyingi.

Sikubaliani na wanaowaita wauguzi hawa wasaliti wa nchi. Kenya imesomesha wauguzi ambao haijawaajiri, na walioajiriwa kwa mikataba wameingia barabarani kudai ajira ya kudumu. Ukimwambia mtu kama huyo abaki kwa uzalendo, unamtwika mzigo ambao serikali za kaunti na ya taifa zimeukataa. Anayetaka kwenda na aende. Ninachokipinga kwa nguvu zote ni namna wengi wanavyokwenda: kwa madeni, kwa kulipia kazi ambayo kisheria hailipiwi, na kwa mkataba ambao hawajausoma.

Njia halali ipo. Julai 2021 Kenya na Uingereza zilitia sahihi makubaliano kuhusu wafanyakazi wa afya, na katika kanuni za Uingereza za uajiri wa kimataifa Kenya iko kwenye orodha ya rangi ya kaharabu. Maana yake ni kwamba waajiri na mawakala wa Uingereza wanaruhusiwa kuajiri kutoka Kenya kwa kufuata makubaliano hayo tu. Tanzania, Uganda, Rwanda, Burundi na Kongo ziko kwenye orodha nyekundu, inayofuata orodha ya Shirika la Afya Duniani ya nchi zenye uhaba mkubwa wa wahudumu. Wakala hana ruhusa ya kumtafuta muuguzi Mwanza au Kigali na kumshawishi. Muuguzi mwenyewe, akiona nafasi kwenye tovuti ya NHS Jobs na kuomba moja kwa moja kwa mwajiri, hajavunja kanuni yoyote. Kwa hiyo Mtanzania anayepigiwa simu na wakala mwenye "nafasi 40 za Manchester" ajue kwamba mpigaji ameshavunja kanuni hata kabla ya kutaja bei.

Na bei yenyewe haipaswi kuwepo. Sheria ya Uingereza hairuhusu wakala kumtoza mtu ada kwa kumtafutia kazi. Cheti cha udhamini, ambacho huku kinauzwa kwa mamilioni ya shilingi, hutolewa na mwajiri, na ada yake ni ya mwajiri. Jina la mwajiri lazima liwe kwenye rejista ya wadhamini wenye leseni iliyo kwenye tovuti ya serikali ya Uingereza, na kuitafuta ni bure. Kwa upande wa Kenya, wakala anapaswa kuwa amesajiliwa na Mamlaka ya Kitaifa ya Ajira. Walioumia zaidi ni wale waliokwenda kama walezi wa wazee kwenye makampuni madogo. Mdhamini akinyang'anywa leseni, mfanyakazi kwa kawaida hupewa siku 60 kupata mdhamini mwingine au kuondoka. Tangu 11 Machi 2024 walezi hawaruhusiwi kuja na familia, na tangu 22 Julai 2025 mlango wa kuajiri walezi wapya kutoka nje umefungwa. Anayekuuzia kazi ya ulezi Uingereza leo ukiwa Nairobi anakuibia. Wauguzi waliosajiliwa bado wanaruhusiwa kuja na familia, ila nafasi zimepungua kuliko zilivyokuwa 2022 kwa kuwa hospitali nyingi zimebana bajeti.

Karatasi ndizo huanza kuwakwamisha watu, na kikwazo cha kawaida ni majina. Pasipoti ina majina matatu, cheti cha chuo kina mawili, na leseni imeongezwa jina la mume. Baraza la Uuguzi na Ukunga la Uingereza, NMC, linataka kila kitu kilingane na pasipoti, na uthibitisho wa leseni yako hutumwa kwao moja kwa moja na Baraza la Wauguzi la Kenya. Usifungue akaunti ya NMC kabla ya kurekebisha majina nyumbani, kwa sababu jina lisilolingana hurudisha faili nyuma, na wakati unasubiri marekebisho matokeo yako ya Kiingereza yanazeeka. Mwenye diploma ya KRCHN, ile ya Kenya ya uuguzi wa afya ya jamii, aombe usajili wa uuguzi wa watu wazima. Ukunga una usajili wake na mtihani wake, na kuuchanganya mapema ni kujiongezea gharama.

Kwa Kiingereza NMC hukubali mtihani wa IELTS ya kitaaluma au OET, ambao ni wa wahudumu wa afya. IELTS inahitaji 7.0 katika kusikiliza, kusoma na kuzungumza, na 6.5 katika kuandika. OET inahitaji B katika sehemu hizo tatu na C+ katika kuandika. Wakenya wengi huzungumza vizuri na kukwama kwenye kuandika. Kwa muuguzi ningependekeza OET, ingawa ni ghali zaidi, kwa sababu swali lake la kuandika ni barua ya rufaa au ya kumruhusu mgonjwa kutoka, kazi anayoijua. Kosa linaloangusha watu ni kunakili maelezo yote ya mgonjwa. Barua inatakiwa iwe ya maneno 180 hadi 200, na msahihishaji anaangalia umechagua nini na umeacha nini kwa kumfikiria atakayeipokea. Daktari wa meno hahitaji kujua kwamba mgonjwa ana wajukuu watatu. Ukikosa alama kidogo katika sehemu moja, NMC huruhusu kuunganisha matokeo ya mitihani miwili iliyofanywa ndani ya miezi 12, mradi hujashuka chini ya viwango vyao vya chini.

Kisha unafanya CBT, mtihani wa nadharia wa NMC kwenye kompyuta, na unaweza kuifanyia Nairobi. Ada yake ni pauni 83, kwa maswali 15 ya hesabu na 100 ya kuchagua jibu. Maombi ya usajili ni pauni 140, mtihani wa vitendo wa OSCE pauni 794, na kuingizwa kwenye rejista pauni 153. Hospitali nyingi za NHS hulipia sehemu kubwa ya haya pamoja na viza na tiketi, lakini hakikisha imeandikwa.

OSCE hufanyiwa Uingereza. Ina vituo 10: vinne vya kumhudumia mgonjwa mmoja tangu kumpima, kupanga, kutekeleza hadi kutathmini, vinne vya ujuzi wa mikono, na viwili vya kuandika kimya. Hapa muuguzi hodari wa Kenya huanguka kwa mambo anayoyajua. Aliyezoea wodi ya wagonjwa 40 amejifunza kufanya haraka na bila maneno, lakini OSCE hutoa alama kwa kile mtahini anachokiona na kukisikia. Nawa mikono, jitambulishe, soma utepe wa mkononi na uulinganishe na kadi, uliza kuhusu mzio, omba ridhaa, na sema kila unachofanya. Kupumua kuhesabiwe dakika nzima. Anayehesabu sekunde 30 na kuzidisha kwa mbili ameshapoteza kituo, hata namba ikiwa sahihi. Kwenye dawa, tazama kama moja kati ya zilizoandikwa inagongana na mzio wa mgonjwa. Usipoitoa, andika msimbo wa sababu, weka sahihi, tarehe na saa. Jumlisha pia alama za NEWS2, zinazoonyesha kama hali ya mgonjwa inazorota, na useme utamwita nani zikipanda. Ukianguka vituo saba au pungufu unarudia hivyo tu kwa pauni 397. Nane au zaidi, unalipa zote 794 upya. Una nafasi tatu katika ombi moja, na masharti ya viza yanataka ufanye jaribio la kwanza ndani ya wiki 12 tangu kuanza kazi.

Sasa kile kifungu cha kurejesha gharama. Karibu kila mkataba unacho: ukiacha kazi ndani ya miaka miwili au mitatu, unarudisha pesa. Kuwepo kwake si kosa, lakini kanuni za Uingereza za uajiri zinataka kiwe wazi na cha haki. Dai orodha ya kila gharama na kiasi chake, na ada ya cheti cha udhamini isiwemo humo. Deni lipungue kila mwezi. Lile linalobaki kamili hadi siku ya mwisho ni kamba shingoni. Mafunzo ya lazima ya hospitali yasihesabiwe kama deni lako. Uliza pia inakuwaje ukiondoka kwa ugonjwa, au kwa sababu umenyanyaswa kazini. Mwajiri asiyetaka kukutumia kifungu hicho kabla ya kusaini ameshajibu swali lako.

Anayepanga makazi ya kudumu azingatie kwamba Mei 2025 serikali ya Uingereza ilipendekeza kuongeza muda wa kusubiri kutoka miaka 5 hadi 10, kwa hiyo asikope benki akitegemea ile mitano ya zamani. Na kabla ya kupanda ndege, wasiliana na HELB, bodi ya Kenya ya mikopo ya elimu ya juu, upange kulipa mkopo wako kutoka nje, kwa sababu deni likilala faini hujikusanya. Endelea kuhuisha leseni yako ya Kenya, na kama umeajiriwa na kaunti, omba likizo bila malipo kwa maandishi kabla ya kujiuzulu. Wapo wanaokataliwa, wapo wanaokubaliwa, na kuandika barua hakugharimu kitu.