Ukikwama Safarini, Usisubiri Kuulizwa

Kila nikienda likizo kwetu Wete, Pemba, kuna maneno mawili hayanipiti barazani. La kwanza: "Huko Ulaya mtu akianguka njiani, wenziwe wanamruka." La pili huja kahawa ikishaongezwa: "Lakini mambo yao yamepangika." Na wasemaji wengine hata Unguja hawajafika.

Mie naishi Leicester, Uingereza, na yote mawili naona yamekwenda upande. Kwa mtu anayesafiri peke yake, tofauti ya huku na kwetu iko kwenye kunyamaza. Kwetu ukinyamaza unaulizwa. Huku ukinyamaza unaheshimiwa, na heshima hiyo inaweza kukulaza njaa.

Binti wa ami yangu yalimkuta. Alikuwa anatoka Uingereza kwenda nyumbani, peke yake kwa mara ya kwanza. Ndege ikachelewa kuruka kwa ubovu, akatua kwenye kiwanja kimoja cha nchi za Ghuba, Uarabuni, ndege ya Zanzibar imeshaondoka. Waliokwama walikuwa wengi. Wenye midomo wakenda kaunta, wakarudi na vocha za chakula, wengine na vyumba vya hoteli. Yeye akakaa kitako nje ya chumba cha kusalia, begi la mkononi miguuni, akingoja atangaziwe. Kwa malezi yetu hakukosea kitu: mtoto wa kike hapayuki mbele za watu, na mwenye kaunta akiwa na la kukwambia si atakwita? Hakuitwa. Alfajiri mama mmoja wa Kisomali aliyekuwa kiti cha pili akamkatia mkate wake nusu.

Siku ya pili yake akafika Kisauni, kiwanja cha ndege cha Unguja, na boti ya Pemba nayo imeshang'oa nanga. Akasimama nje ya kiwanja na masanduku yake, kimya vilevile. Haikuwa kitambo, mpagazi mmoja mtu mzima akamsogelea: "Mwanangu, mbona umesimama peke yako? Wa kwa nani wewe?" Wa Wete. Wete kwa nani? Akataja jina la babu yake. "Yule aliyekuwa na duka la vitambaa?" Simu mbili zikapigwa, binti akapakiwa gari mpaka Mwanakwerekwe, kwa watu ambao mwenyewe alikuwa hajui kama ni jamaa zake. Akapikiwa wali na mchuzi wa papa, na kesho yake akasindikizwa mpaka bandarini Malindi kupanda boti.

Barazani kisa hiki kinaishia hapo, watu wanatikisa vichwa: unaona utu wa kwetu? Naam, nauona. Ila kule kwenye Ghuba hakunyimwa kitu. Hakuomba. Sheria iliyokuwa upande wake ilikuwa inangoja afungue mdomo.

Sheria yenyewe Waingereza waliirithi kutoka Umoja wa Ulaya, kanuni namba 261 ya mwaka 2004. Ndege ikiondoka Uingereza, ya shirika lolote, ikachelewa sana, abiria anatakiwa apewe chakula, na hoteli ikibidi kulala. Akifika mwisho wa safari amechelewa masaa 4 au zaidi, na safari inapindukia kilomita 3,500, anadai fidia ya pauni 520. Kwa upande wa Umoja wa Ulaya ni euro 600. Dhoruba inayatoa mashirika lawamani, lakini ubovu wa kawaida wa ndege hauyatoi. Na ikiwa tiketi ni moja mpaka Zanzibar, ucheleweshaji unahesabiwa Kisauni, si pale ulipobadilishia ndege.

Lakini ukirudi mambo yanageuka, na wengi wetu hapo hatupajui. Kutoka Zanzibar kuja Uingereza, kanuni hiyo inakulinda ukipanda shirika la Uingereza au la Umoja wa Ulaya tu. Ukipanda la Ghuba au la Afrika, haikuhusu. Kwa hiyo abiria yuleyule, kwa tiketi ileile, kwenda analindwa na kurudi halindwi. Tiketi ya boti ya Pemba uliyoinunua kando haimo kabisa. Mie naiacha siku nzima baina ya ndege na boti, wanicheke wanaotaka kucheka.

Halafu kuna pasi. Hoteli unaweza kupewa, lakini ikiwa iko nje ya kiwanja na pasi yako ya Tanzania inataka viza ya nchi ile, vocha mkononi na mlango hutoki. Mwenzako wa pasi ya Ulaya anakwenda kulala, wewe unatafuta kiti kisichokuwa na mikono ili ujinyooshe. Hapo sheria na utu vyote vinakwama, na sijaona anayelisemea. Ninachofanya ni kuuliza kabla ya kulipia tiketi: nikikwama hapo, naruhusiwa kutoka? Jibu likiwa hapana, natafuta njia nyengine hata ikiwa ghali kidogo.

Mie nilichopotelewa ni mzigo. Shangazi kaja langu, lile begi kubwa la nailoni la miraba, lenye halua ya Wete na pilipili za mama, halikutokea kwenye mkanda. Kijana wa dawati la mizigo akanisukumia karatasi ya picha nichague linalofanana na langu: masanduku ya magurudumu ya kila sura, mabegi ya mgongoni, na shangazi kaja halimo. Nikamchorea. Akacheka, akaandika, akanipa namba ya kumbukumbu. Usitoke kiwanjani kabla hujaipata karatasi yenye namba ile, kwa sababu bila yake huna pa kuanzia. Mzigo ukirudi umevunjika, malalamiko yaandikwe ndani ya siku 7. Usiporudi kwa siku 21 unahesabiwa umepotea, na unadai. Hayo ni ya Mkataba wa Montreal wa 1999. Langu lilirudi, na harufu ya karafuu ilimtangulia dereva aliyelileta.

Sasa turudi kwetu, maana nisionekane nasifu huku tu. Lile swali la "wa kwa nani wewe" ni bima nzuri kwa mwenye jibu. Nilikuwa bandari ya Mkoani, Pemba, kipindi cha kusi, boti zikasimamishwa kwa upepo. Tangu MV Spice Islander I ilipozama Septemba 2011, na MV Skagit Julai mwaka uliofuata, hakuna mwenye akili anayelalamikia boti kuzuiwa, na mie silalamiki. Ninacholalamikia ni kwamba habari ilitujia kwa mdomo wa muuza mihogo. Hakuna karatasi ukutani, hakuna aliyesema lini wala nani aulizwe. Sote tukatawanyika, huyu kwa shangazi Chake Chake, yule kwa mkwe wake Kengeja. Akabaki kijana mmoja wa Mwanza, fundi wa vigae, kwenye kivuli cha banda na ndoo yake ya vifaa. Hakuna aliyemfanyia ubaya. Kila mmoja alidhani ana mwenyewe. Naye kwao pia, inaonekana, walimfundisha kutopayuka.

Mgeni wa nje, tangu tarehe 1 Oktoba 2024, haingii Zanzibar bila bima ya dola 44 inayomchukua siku 92. Fundi wa Mwanza si mgeni wa namna hiyo, na kwa Mkoani hana babu wa kumtaja. Kwake yeye, bandari yetu na kiwanja cha Ghuba vina tofauti gani? Angalau kule kaunta ipo.

Ndiyo maana vijana wetu wanaokuja huku siwaambii "kuwa mvumilivu", wameshaambiwa hayo mpaka yamewajaa. Nawaambia: fika kaunta, sema shida yako kwa Kiingereza chochote ulichonacho, taja kwamba hujala, omba jina la aliyekuhudumia, piga picha ubao unaoonyesha ndege imechelewa. Weka nakala ya pasi kwenye barua pepe, maana ikiibiwa, polisi na ubalozi wote watataka namba yake. Hakuna atakayekuona huna adabu. Hakuna hata atakayekukumbuka.

Binti wa ami bado hajadai zile pauni 520. Fomu nimemjazia mie, imebaki aibonyeze tu. Kwa England muda wa kudai mahakamani ni miaka 6, kwa hiyo bado sijakata tamaa. Anasema anaona haya, ndege yenyewe hatimaye ilimfikisha.